Uzi: Michezo ya vyuo Marekani ilitajirishwa na watu wasioitazama

Mleta mada

Wakuu, salaam.

Novemba 2012 Big Ten, ligi ya vyuo ambayo asili yake ni majimbo ya katikati ya Marekani kama Ohio, Michigan na Illinois, iliamua kukiingiza Chuo Kikuu cha Rutgers cha New Jersey, huko pwani ya mashariki. Kimpira Rutgers haikuwa timu ya kumtisha mtu kwenye ligi ile. Lakini chuo kipo pua na mdomo na jiji la New York, na eneo lile lilikuwa na mamilioni ya kaya zenye televisheni ya kebo.

Big Ten ilikuwa na chaneli yake, Big Ten Network, iliyoanza Agosti 2007 kwa ubia na kampuni ya televisheni ya Fox. Kampuni ya kebo ikishaiweka chaneli hiyo kwenye kifurushi cha kawaida, inailipia kila mwezi kwa kila kaya iliyounganishwa, kaya itazame isitazame. Ndani ya jimbo lenye chuo mwanachama, ada iliyoripotiwa ilikuwa karibu dola 1 kwa kaya. Nje ya hapo ilikuwa karibu senti 10. Ukikiingiza Rutgers, New Jersey inatoka bei ya senti inakwenda bei ya dola. Siku zile zile wakakichukua na Maryland, kilicho jirani na Washington na Baltimore. Vyote viwili vikaanza kucheza Big Ten mwaka 2014.

Kwa hiyo bibi wa Newark, New Jersey, asiyejua hata pointi za mpira wa Kimarekani zinahesabiwaje akawa anachangia mshahara wa kocha wa Ohio State. Hakuulizwa, na kwenye bili yake hakuna mstari ulioandikwa hivyo.

Nipo Columbus, Ohio, mji ambao siku ya mechi kila mtu huvaa nyekundu, na nimekuwa nikifuatilia jambo hili kwa sababu linanigusa. Mfumo huu ndio ulioamua nani acheze na nani, saa ngapi, na chuo gani kibaki bila ligi. Ninavyouona mimi, michezo hii haikutajirishwa na watazamaji wake. Ilitajirishwa na wasiotazama, na sasa hao wanaondoka.

Maelezo mawili kabla hatujaendelea. Vyuo hujikusanya kwenye kile wenyewe wanakiita konferensi: vinacheza vyenyewe kwa vyenyewe na kuuza haki za matangazo kwa pamoja. Nitasema ligi ili tusichoshane. La pili, wenye pesa ni mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu, ukifuatwa kwa mbali na kikapu cha wanaume. Karibu kila mchezo mwingine, riadha, kuogelea, voliboli, unabebwa na hiyo miwili.

Mleta mada (mwendelezo)

Turudi nyuma. Mwaka 1951 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliogopa kwamba televisheni itawabakiza watu sebuleni na viwanja vitakuwa vitupu. Kikaamua chenyewe ndicho kitakachouza mechi, tena chache mno. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilikaidi kikaingia mkataba wake na kituo cha televisheni cha ABC. NCAA ikakitangaza kuwa kimevunja taratibu, wapinzani wakasema hawatacheza nacho, na chuo kikasalimu amri. Utaratibu huo ukadumu zaidi ya miaka 30.

Uliovunja utaratibu ni uamuzi wa Mahakama ya Juu ya mwaka 1984, katika kesi iliyofunguliwa na vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia. Kwa kura 7 dhidi ya 2, majaji walisema NCAA inapunguza bidhaa sokoni na kupanga bei, na huo ni ukiritimba unaokatazwa na sheria. Aliyepinga kwa kuandika alikuwa Jaji Byron White, ambaye ujanani alikuwa nyota wa mpira wa chuo pale Colorado. Yeye alishikilia kwamba udhibiti ule ulikuwa sehemu ya kuilinda michezo ya vyuo isigeuke biashara kamili. Nimesoma hoja zake mara nyingi, na bado nadhani majaji wale 7 walikuwa sahihi kisheria, lakini White ndiye aliyeona mbele.

Wengi hudhani bei zilipanda mara moja baada ya hukumu. Zilishuka. Kila mtu alianza kuuza, mechi zikafurika, na bei ya mechi moja ikaporomoka. Nguvu zilirudi pole pole pale ligi zilipojifunza kuuza kwa pamoja, na pale mnunuzi mpya alipopata pesa ambayo vituo vya zamani havikuwa nayo.

Mnunuzi huyo ni ESPN, chaneli ya michezo ya kebo. Ilianza Septemba 7, 1979 katika mji mdogo wa Bristol, Connecticut, kwa mtaji wa kampuni ya mafuta ya Getty. Ilikuwa na saa 24 za kujaza na mechi za vyuo zilipatikana kwa bei nafuu, hivyo tangu siku za mwanzo walishirikiana na NCAA na kuonesha raundi za awali za mashindano ya kikapu ya mwezi Machi, ambazo vituo vikubwa havikuzijali. Miaka ya kwanza ilikula hasara, kwa sababu ilitegemea matangazo ya biashara tu. Kilichoiokoa ni kuyaambia makampuni ya kebo mwanzoni mwa miaka ya 1980: kila kaya mnayoiunganisha, tupeni senti kadhaa kwa mwezi. Kutoka hapo ESPN ikawa na mifereji miwili ya pesa, ada na matangazo, wakati vituo vya zamani, CBS, NBC na ABC, vilikuwa wakati ule na mmoja.

Mhasibu wa Kijiji

Shukrani mkuu, nondo hizi. Naomba hesabu zenyewe. Na je, kampuni ya kebo ilikubali vipi kulipa kitu ambacho wateja wake wengi hawakitaki? Mimi ningekuwa na kampuni ningekataa.

Mleta mada

Mkuu Mhasibu, hesabu hii hapa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ESPN ilikuwa ndani ya kaya karibu milioni 100, na ada yake ilikadiriwa kuwa karibu dola 5 kwa mwezi. Zidisha mara 12. Unapata karibu dola bilioni 6 kwa mwaka kabla hawajauza tangazo hata moja la bia. Weka pembeni yake mechi yenye watazamaji milioni 5, ambayo kwa chaneli ya kebo ni mechi kubwa. Maana yake kaya nyingi kupindukia zililipa na hazikuwepo.

Kwa nini kampuni zilikubali? Kwa sababu walio wachache wana hasira kali. Michigan mwaka 2007 inaonesha vizuri. Big Ten Network ilitaka iwekwe kwenye kifurushi cha kawaida. Comcast, wakati ule kampuni kubwa kuliko zote za kebo, ikataka kuiweka kwenye kifurushi cha ziada cha michezo, anayetaka alipie. Big Ten chini ya kamishna wake Jim Delany walikataa katakata, na walikuwa na haki ya kukataa kwa mtazamo wao: kwenye kifurushi cha ziada wangebaki na mashabiki tu, na mashabiki peke yao hawatoshi kulipa.

Septemba 1, 2007, siku ya tatu tangu chaneli iwashwe, Michigan iliyokuwa nafasi ya 5 nchini ilicheza nyumbani na Appalachian State, chuo cha daraja la chini. Appalachian State wakashinda 34 kwa 32 baada ya kuuzuia mkwaju wa mwisho wa Michigan. Ni moja ya matokeo makubwa katika historia ya mchezo huo, na ilioneshwa Big Ten Network pekee. Wenye dishi la DirecTV waliiona. Wenye Comcast walio wengi waliisikia redioni. Juni 2008 Comcast wakafikia makubaliano, na katika majimbo ya Big Ten chaneli ikaingia kifurushi cha kawaida.

Tangu hapo mchezo ni ule ule. Mkataba kati ya mwenye chaneli na msambazaji hufikia ukomo wakati msimu unaanza au umekolea, chaneli inakatwa, simu zinaanza kupigwa. Agosti 31, 2023 chaneli za Disney, mmiliki wa ESPN, zilizimika kwa wateja wa kampuni ya kebo ya Charter, na zikarudi Septemba 11. Oktoba 30, 2025 zikatoweka YouTube TV, inayouza chaneli kwa intaneti, hadi Novemba 14, katikati ya msimu wa mpira wa vyuo.

Kikapu Damu

Mkuu umenikumbusha mbali. Kijana wetu Hasheem Thabeet alipokuwa Chuo Kikuu cha Connecticut kati ya 2006 na 2009, ligi yao ilikuwa Big East. Wenzangu wasiojua: Machi 12, 2009, Madison Square Garden, Connecticut na Syracuse walikwenda muda wa nyongeza mara 6. Sita! Mechi iliisha baada ya saa saba usiku, Syracuse 127, Connecticut 117. ESPN walikuwa hewani mwanzo mwisho. Miezi michache baadaye Thabeet akachaguliwa wa pili katika drafti nzima ya NBA.

Swali langu: Big East ile imekwenda wapi? Maana nikiangalia leo Syracuse yupo ligi nyingine kabisa.

Mleta mada

Kikapu Damu, swali lako linaumiza kwa sababu Big East ilizaliwa na televisheni na ikavunjwa na televisheni.

Ilianzishwa mwaka 1979, mwaka ule ule wa ESPN, na Dave Gavitt aliyekuwa chuo cha Providence. Tazama alivyochagua wanachama: St. John's kwa ajili ya New York, Georgetown kwa Washington, Boston College kwa Boston, na mwaka uliofuata Villanova kwa Philadelphia. Alikuwa anapanga masoko ya televisheni, na ESPN ilihitaji mechi za kikapu usiku wa siku za kazi. Walikua pamoja.

Lakini pesa ya kebo ilipoanza kuwa kubwa kweli kweli, ilifuata mpira wa Kimarekani, na Big East ilikuwa nguvu ya kikapu. Mwaka 2011 ligi ilikataa ofa ya ESPN ikiamini sokoni kuna zaidi. Septemba mwaka huo Syracuse na Pittsburgh wakatangaza kuhamia ACC, ligi ya Pwani ya Atlantiki. Mwaka 2013 vyuo 7 vya Kikatoliki vikaondoka na jina la Big East ili vibaki na kikapu chao. Connecticut ikabaki kwenye mabaki yaliyopewa jina jipya, ikasafiri kwenda kucheza na vyuo ambavyo mashabiki wake hawakuwa na historia navyo, hadi iliporudi Big East mwaka 2020. Ikachukua ubingwa wa nchi wa wanaume 2023 na 2024.

Na Thabeet, katika mechi ile ya usiku kucha, alikuwa analipwa ufadhili wa masomo basi. Ukumbi ulijaa, matangazo yalilipiwa, ada za kaya ziliingia. Nitalirudia hili.

Binti Tanga

Kaka mleta mada, naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Kifurushi ni kubebana. Hata sisi na ving'amuzi vyetu tunalipia chaneli ambazo hatujawahi kuzifungua. Huyo bibi wa Newark alikuwa anatazama chaneli za mapishi, na mtu wa mpira alikuwa anamchangia yeye pia. Kwa nini uone upande mmoja tu ndio ulionyonywa? Na sasa kila kitu kinahamia intaneti, anayetaka atalipa. Si ndiyo haki yenyewe?

Mleta mada

Dada, hoja yako ni nzito na wachumi wengi wanaitetea. Kifurushi kikiwa na vitu vingi ambavyo watu wanavithamini tofauti, jumla yake inaweza kuwafaa wote. Sitabisha hapo.

Lakini kubebana kule hakukuwa kwa uzito mmoja. Chaneli nyingi za kebo zilipata senti kwa kaya. ESPN ilikuwa ghali kuliko zote kwa mbali, na katika miaka hii ya karibuni makadirio yameipeleka zaidi ya dola 9 kwa mwezi. Ukiongeza chaneli za ligi, chaneli za michezo za mikoa na sehemu ya ada ya vituo vya kawaida vinavyoonesha mpira, asiyetazama michezo alikuwa ametoa mzigo mkubwa kuliko aliopewa.

Kuhusu intaneti na haki: kwa mtazamaji mmoja mmoja nakubali. Kwa mfumo mzima, fanya hesabu hii. Kaya milioni 100 zikilipa dola 5, unapata dola milioni 500 kwa mwezi. Agosti 21, 2025 ESPN ilianza kujiuza moja kwa moja kwa mtazamaji kwa dola 29.99. Ili wauzaji hawa wapate milioni 500 ile ile kwa njia hiyo pekee wanahitaji wanachama karibu milioni 17, wanaolipa kila mwezi, hata ule usio na mechi za maana. Na mwanachama wa intaneti hujitoa msimu ukiisha kwa kubonyeza tu. Kaya za kebo zilikuwa zinakaa miaka.

ESPN imeshuka kutoka kaya zile karibu milioni 100 za mwaka 2011 hadi chini ya milioni 70 kufikia 2024. Hao walioondoka wengi wao ni wale wasiotazama, ndiyo maana waliondoka mwanzo.

Mhasibu wa Kijiji

Hapo sasa mkuu nimekwama. Kama walipaji wanapungua, mbona mikataba inazidi kunona?

Mleta mada

Swali zuri, na limewachanganya hata wakuu wa vyuo.

Kwanza, tamthilia na filamu zimekimbilia intaneti, kwa hiyo michezo ya moja kwa moja ndiyo iliyobaki kumshikilia mteja kwenye kifurushi. Mwenye chaneli akiikosa, kifurushi kinakufa mara moja. Akiinunua ghali, kinakufa polepole. Ananunua. Pili, kaya zilizobaki zimepandishiwa ada. Tatu, pesa imekusanyika kwenye mechi chache kubwa. CBS ilikuwa inalipa SEC, ligi ya vyuo vya kusini, dola milioni 55 kwa mwaka kwa mechi yake bora ya kila wiki. ESPN na ABC wakaichukua kuanzia 2024 kwa karibu dola milioni 300. Agosti 2022 Big Ten ilisaini na Fox, CBS na NBC kwa miaka 7, zaidi ya dola bilioni 7, ikaachana na ESPN baada ya takriban miaka 40.

Zamani swali la mnunuzi lilikuwa chuo hiki kipo kwenye kaya ngapi. Siku hizi linakaribia kuwa chuo hiki kinatazamwa na watu wangapi. Rutgers ilinunuliwa kwa swali la kwanza. Mkasa wa Pac-12 ulitokea maswali yalipokuwa yanabadilishana zamu.

Mleta mada (mwendelezo: Pac-12)

Hii ni ligi ya pwani ya magharibi yenye mizizi tangu 1915. Mwaka 2011 chini ya kamishna Larry Scott ilisaini na ESPN na Fox karibu dola bilioni 3 kwa miaka 12, mkataba uliowashangaza wote kwa ukubwa wakati ule. Kisha Agosti 2012 ikafungua chaneli yake, ikaimiliki yenyewe asilimia 100: moja ya taifa na 6 za mikoa.

Kumiliki chote kulisikika vizuri. Lakini Big Ten ilikuwa na Fox mgongoni. SEC Network, iliyoanza Agosti 2014, ni mali ya ESPN, na anayekwenda kujadiliana na kampuni ya kebo ni Disney mwenyewe akiwa na ESPN, ABC na chaneli za watoto mkononi. Ukiikataa moja unahatarisha zote. Pac-12 walikwenda mezani na chaneli yao tu. DirecTV, yenye mashabiki wengi wa michezo, haikukubaliana nao hadi mwisho. Mtu alikuwa anaishi jimbo la Washington, anasoma chuo cha Washington, na mechi ya chuo chake haioni. Ligi ilimiliki asilimia 100 ya kitu ambacho wengi hawakukipata.

Juni 30, 2022 USC na UCLA, vyuo vya Los Angeles, walitangaza wanahamia Big Ten. Los Angeles ikaondoka. Oktoba mwaka huo Big 12, ligi iliyokuwa imeonekana dhaifu zaidi, ikawahi sokoni na kusaini na ESPN na Fox kwa wastani wa dola milioni 31.7 kwa chuo kwa mwaka. Pac-12 wakasubiri. Walipomaliza kusubiri, ofa iliyokuwa mezani ilikuwa ya Apple: mechi kwa intaneti, malipo ya msingi ya chini ya yale ya Big 12, na nyongeza kutegemea wangapi watajiunga.

Isome ofa hiyo tena polepole. Ilikuwa inawaambia vyuo: mtalipwa na wanaowatazama. Hakuna aliyekuwa tayari. Julai 27, 2023 Colorado ikaondoka. Agosti 4, siku moja, Oregon na Washington wakaenda Big Ten, na Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. Stanford na California (chuo cha Berkeley), vyuo vya upande wa Bahari ya Pasifiki, vikaingia ACC, ligi iitwayo ya Pwani ya Atlantiki, vikianza na asilimia 30 tu ya mgao. SMU ya Dallas ikaingia pamoja navyo ikikubali kutopokea mgao wa televisheni kwa miaka 9. Na chaneli ya ligi hiyo ikapata sababu ya kudai ada ya juu Texas na California, mbinu ya Rutgers ikitumika kwa mara ya mwisho mwisho.

Chaneli ya Pac-12 ilizimwa katikati ya 2024. Walioachwa ni wawili: Oregon State na Washington State.

Kuna jambo dogo linalonikera zaidi ya mabilioni. Bodi ya vyuo vya umma vya California iliamua UCLA ilipe California, chuo dada cha mfumo huo huo wa umma, dola milioni 10 kwa mwaka kufidia madhara ya kuondoka kwake. Fedha inatoka Fox inapita UCLA inaishia Berkeley ili wanafunzi wa Berkeley waweze kusafirishwa kwenda kucheza North Carolina. Wasichana wa voliboli na vijana wa kuogelea ndio wanaopanda ndege hizo katikati ya mitihani, na hakuna mechi yao iliyowahi kuwa sababu ya safari.

Eldoret Kwetu

Ndugu, umetaja Washington State ukapita haraka. Kwetu hicho si chuo cha kupita haraka. Ndicho alichosomea Henry Rono. Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi pale, alivunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Mbili za kwanza alizivunja Berkeley na Seattle. Julius Korir naye alitoka huko akachukua dhahabu ya Olimpiki ya Los Angeles 1984. Vijana wengi wa Bonde la Ufa walipata elimu Amerika kupitia miguu yao, na ufadhili ule ulilipwa na pesa za huo mpira wa kofia. Sasa pesa ikikauka, watoto wetu wataenda wapi? Hili ndilo ningependa mtu anijibu, si habari za Fox na Disney.

Mleta mada

Ndugu yangu, umefika mahali ambapo hata mimi nilitaka tufike. Rono alifariki Februari 2024, miezi michache kabla ligi aliyokimbilia haijavunjika rasmi.

Jibu la Washington State tayari lipo. Juni 2025 chuo kilitangaza kufuta miruko na mitupo katika riadha, kupunguza mbio fupi na viunzi, na kubaki na mkazo kwenye mbio ndefu. Yaani kilipolazimika kuchagua cha kubakiza, kilibakiza kile ambacho Wakenya walikijengea jina. Kwa mkimbiaji wa mita 5,000 mlango bado uko wazi pale. Kwa mrusha mkuki umefungwa. Kwingine hali itategemea chuo, lakini mwelekeo ni huo wa kubana: mchezo usioingiza pesa unaulizwa upya kila bajeti.

Vyuo viwili vilivyoachwa vimejenga ligi upya kwa jina la Pac-12 kuanzia Julai 2026, pamoja na Boise State, San Diego State, Fresno State, Colorado State, Utah State, Texas State, na Gonzaga kwa kikapu. Nawatakia heri kwa moyo wote.

Kikapu Damu

Mkuu ulisema utarudi kwenye suala la wachezaji.

Mleta mada

Ndiyo. Kwa miongo, pesa yote hii iliingia mahali ambapo mfanyakazi mkuu hakuruhusiwa kulipwa. Pesa isipoweza kwenda kwa mchezaji haikai tu. Ilikwenda kwa makocha na majengo. Novemba 2023 Texas A&M ilimfukuza kocha Jimbo Fisher na kujifunga kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili asifundishe.

Ed O'Bannon, bingwa wa 1995 na UCLA, ndiye aliyefungua njia alipokwenda mahakamani baada ya kuona sura yake kwenye mchezo wa kompyuta. Juni 2021 Mahakama ya Juu, kura 9 kwa 0, iliamua dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, iliyopinga mipaka ya kile ambacho wachezaji waliruhusiwa kupewa. Julai 1 mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kuuza majina na sura zao. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha suluhu ya kesi ya House, ya wachezaji dhidi ya NCAA: dola bilioni 2.8 za malimbikizo, na ruhusa kwa kila chuo kuwagawia wachezaji hadi karibu dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.

Nalifurahia bila kificho. Thabeet angestahili. Lakini milioni 20.5 hizo zinatoka kwenye chungu kile kile, wakati walipaji wa chungu wanapungua. Ndiyo sababu ya mitupo na miruko ya Washington State.

Binti Tanga

Na wanawake je? Maana mpaka sasa uzi mzima wametajwa wakipanda ndege tu.

Mleta mada

Umenishika vizuri dada. Fainali ya kikapu ya wanawake ya 2024, South Carolina na Iowa ya Caitlin Clark, ilikuwa na watazamaji milioni 18.9. Ya wanaume mwaka huo milioni 14.8. Na angalia bei. Haki za mashindano ya wanaume zilirefushwa na CBS na kampuni ya televisheni ya Turner mwaka 2016 kwa dola bilioni 8.8 zaidi, hadi 2032. Januari 2024, miezi mitatu kabla ya fainali ile, NCAA iliiuzia ESPN mashindano ya michezo 40 kwa mpigo, ya wanawake yakiwemo, kwa dola milioni 920 kwa miaka 8. Kikapu cha wanawake kilithaminiwa humo kwa karibu milioni 65 kwa mwaka. Waliuzwa ndani ya furushi pale ambapo wangeweza kusimama wenyewe. Mwaka 2021 ripoti ambayo NCAA yenyewe iliiagiza ilikadiria mashindano hayo yangefikia kati ya dola milioni 81 na 112 kwa mwaka kuanzia 2025.

Kwao wao kifo cha kifurushi ni nafasi, kwa sababu wana watazamaji wa kweli.

Mhasibu wa Kijiji

Mkuu, la mwisho kwangu. Tufuatilie nini miaka hii?

Mleta mada

Tazameni ACC kwanza. Florida State na Clemson waliishitaki ligi yao wenyewe wakitaka njia ya kutoka, na Machi 2025 wakapatana. Katika mapatano yale sehemu kubwa ya mgao wa televisheni sasa inagawanywa kwa kuangalia timu ipi inatazamwa zaidi. Kabla ya hapo, ukiacha wageni kama Stanford, California na SMU, vyuo vilikuwa vikigawana karibu sawa kwa sawa. Hesabu mpya imeingia hadi ndani ya ligi, kati ya ndugu.

Kisha tazameni tarehe. Mkataba wa Big Ten unaisha 2030. Big 12 unafuata 2031. Ule wa mashindano ya Machi unaisha 2032, na mchujo wa ubingwa wa mpira, ambao ESPN iliulipia dola bilioni 7.8 kwa miaka 6, unaisha mwaka huo huo. Mengi yatakuwa mezani ndani ya misimu mitatu. Big Ten wataingia wa kwanza na Ohio State, Michigan, USC na Oregon mkononi, na mnunuzi atauliza watazamaji wa kila mmoja. Rutgers watakuwa wamekaa meza hiyo hiyo, na nina hamu ya kujua watapewa nini.